Bwana Afya wa Karakana ya Risasi

Asubuhi ya kupima tulimjua kabla hajafika, kwa mlio wa chupa. Alizipanga kwenye kreti ya soda nyuma ya baiskeli, za kioo upande mmoja na za plastiki upande mwingine, na barabara ya kuteremka kutoka hospitali ya Kasulu ilikuwa na mawe mengi. Ziligongana njia nzima. Sisi tuliokuwa ndani ya karakana tulitazamana, kisha mmoja wetu akasema kwa Kiha kwamba mtu wa mkojo amefika. Hilo ndilo jina tulilompa asipokuwepo. Akiwepo tulimwita Bwana Afya, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake sikulizoea kamwe.

Karakana ilikuwa ya ushirika. Ilikaa bondeni chini ya mji, imezungukwa na mikaratusi, na ndani yake kulikuwa na matanuri mawili. Moja liliyeyusha alumini chakavu kwa ajili ya sufuria. Mafundi wake walinyunyizia unga mweupe ili uchafu uelee juu, na unga ule ulitoa moshi wa kuwasha pua. Bwana Afya alitueleza kwamba una floraidi ndani yake, na floraidi ikizidi mwilini hukaza mgongo na viungo. Tanuri la pili lilikuwa letu. Tulipasua betri za magari zilizokufa, tukatoa risasi iliyomo, yaani madini mazito ya kijivu, tukaiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu ndogo. Vipande vile vilikwenda Kigoma kwa wavuvi, wavifunge kwenye nyavu zizame. Mimi nilikuwa mmiminaji. Rafiki yangu Melkiori alipasua betri na kulisha moto.

Miaka ile ya sabini kazi ya mshahara ilikuwa adimu upande wetu. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani na kukusanywa vijijini, na aliyetaka kazi nyingine alipanda treni kwenda mashamba ya mkonge, wengine wasirudi. Sisi tulikuwa na bahati, ndivyo tulivyoambiwa. Basi mtu akikuletea chupa na kukuambia kilichomo ndani yako kinaweza kukutoa kazini, hukumpokea kwa furaha.

Bwana Afya alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini mno kwa masikio yetu. Baridi ya Kasulu ilimtesa. Alivaa koti zito hata juani, na sweta chini ya koti. Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu, ambaye kazi yake yote ilikuwa mkojo, aliona haya kulitamka neno lenyewe. Alisema "haja ndogo" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Tulipokuwa tukitania kwa sauti aligeuka pembeni na kujishughulisha na vizibo vya chupa zake.

Lakini katika kupima hakuwa na haya wala huruma. Ilikuwa lazima uvue nguo za kazi, unawe mikono mpaka kwenye viwiko, ujifunge shuka aliyokuja nayo mwenyewe, ndipo uingie nyuma ya turubai. Ukibisha, alisema, "Chembe moja ya vumbi la nguo yako ikianguka humu, nitakuwa nimepima vumbi, sijakupima wewe." Watu wa alumini walipewa chupa za plastiki mara mbili, kabla ya kazi na baada ya kazi, ili ajue floraidi imepanda kiasi gani kwa siku moja. Chupa zao zilikwenda Kigoma na kupanda treni hadi kwa mkemia Dar es Salaam. Majibu yalirudi mvua nzima imepita. Aliyafungua, akayasoma, akasema, "Hizi ni salamu za mtu aliyekwisha hama."

Sisi wa risasi alitupima mwenyewe. Alikuwa na chumba kidogo hospitalini chenye taa ya mwanga wa zambarau, na kwa kuwa jenereta liliwashwa mchana siku za upasuaji tu, alingoja mpaka kuwe na mgonjwa wa kupasuliwa. Siku hiyo tuliitwa. Alichanganya mkojo na tindikali na dawa nyingine yenye harufu ya kulevya, akatikisa, akafunga mlango, akawasha taa. Mkojo wa mtu asiye na risasi ulibaki na kirangi cha samawati. Wa mtu aliyeingiwa na risasi uliwaka wekundu wa waridi pale gizani, na kadiri risasi ilivyozidi ndivyo ulivyowaka zaidi. Alituonyesha kila mtu chupa yake. Hakutaka mtu aseme kwamba ameonewa.

Nacho chumba kile kilimpa shida, kwa sababu aliogopa giza. Tuligundua taratibu. Kila alipofunga mlango aliongea bila kukoma, habari za bei ya mafuta ya taa, habari za mvua, mpaka mlango ufunguliwe. Melkiori alimuuliza siku moja kwa nini anasema sana humo ndani. Akajibu, "Nawaondolea ninyi hofu." Tulicheka mpaka karakanani.

Aliyewaka alipumzishwa, na aliyepumzishwa mara nyingi hakurudi, kwa kuwa nafasi yake ilishachukuliwa. Kwa hiyo tulidanganya. Wapo waliokunywa maji asubuhi hadi tumbo likajaa, ili mkojo uwe mwepesi. Wapo waliobeba wa watoto wao. Mtu mmoja wa Buhigwe alileta wa ng'ombe. Bwana Afya aliunusa tu, akamrudishia chupa na kumwambia, "Mpe pole ng'ombe wako, ndugu, kwa kumwamsha mapema. Sasa niletee wa kwako."

"Niletee wa kwako" ndiyo maneno aliyomwambia kila mtu akimkabidhi chupa, bila kumtazama usoni. Hakutaka kututazama, nadhani, kwa sababu alijua tunamdanganya, na alijua kwa nini.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na lengo la kutimiza na wakubwa wa kumuuliza kwa nini hajalitimiza. Bwana Afya alimwomba mambo mawili, bomba la moshi juu ya tanuri na maji ya kunawia. Kila mara meneja alikubali, na kila mara hakikuja kitu. Badala yake tulipewa maziwa siku ya Ijumaa, tukaambiwa yanaosha risasi tumboni. Bwana Afya alitangaza mbele ya meneja kwamba maziwa ni chakula kizuri lakini hayaoshi risasi, na tukamnunia kwa kutaka kutuharibia. Halafu maziwa yaliposimamishwa, ni yeye aliyepanda ofisini kuyagombea mpaka yakarudi. Nilimuuliza anagombeaje kitu alichosema hakifai.

"Sikusema hakifai," alijibu. "Nilisema hakioshi risasi. Mna njaa, ndugu yangu. Ninyi hamjioni."

Sasa niseme habari ya Melkiori, maana bila hiyo huwezi kumjua Bwana Afya.

Melkiori na mkewe Domitila walikimbia kutoka Burundi wakati watu wao walipokuwa wakiuawa. Wenzao wengi walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Kibondo, na huko mtu hakutoka bila ruhusa. Yeye alipata kibali cha kuishi Kasulu kwa sababu karakana ilimwombea. Kazi ikiisha, kibali kimeisha. Alikuwa na nyumba ndogo ya udongo karibu na yangu, na Domitila alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza tangu wavuke mpaka. Ile iliyotangulia iliharibika njiani.

Melkiori alikuwa amewaka mara mbili na kupumzishwa mara mbili. Meneja alimwambia ya tatu itakuwa ya mwisho. Siku ya kupima iliyofuata alinikaribia nyuma ya turubai, akafunua shati kidogo, nikaona kichupa cha dawa ya kikohozi.

"Wa Domitila," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yeye hajagusa betri hata siku moja. Leo nitapita, sha, rafiki yangu."

Nilimwambia auangalie usimwagike.

Siku ya jenereta tuliingia chumbani watu watatu, Bwana Afya, Melkiori na mimi. Yangu ilionyeshwa kwanza, ikawa na wekundu hafifu wa kuvumilika. Kisha akainua ya Melkiori mbele ya taa. Sijapata kuona rangi ile tena. Chupa nzima iliwaka kama kaa la moto linalopulizwa, hata vidole vya Bwana Afya tuliviona kwa mwanga wake. Kwa mara ya kwanza gizani mle yeye hakusema neno.

Mwishowe akasema, "Melkiori, hakuna aliyewahi kuwaka hivi."

Nilisikia pumzi ya Melkiori. Kisha akauliza, taratibu sana, "Bwana Afya, mtu akiwa na mimba, chupa yake inaweza kuwaka hivyo bila risasi?"

"Mimba ya nani?"

"Huo si wangu. Ni wa mke wangu."

Bwana Afya alifungua mlango, mwanga wa mchana ukaingia, nikaona uso wa Melkiori umepauka. Nilingoja agombezwe kwa udanganyifu. Hakugombezwa. Bwana Afya aliuliza swali moja tu, "Anapikia nini?"

Ilikuwa masika, na kuni zote za Kasulu zilikuwa zimelowa. Maganda meusi ya betri yalishika moto upesi na kuwaka kwa nguvu, na karakana ilituruhusu kuyachukua. Nyumba zetu zote ziliyatumia. Domitila alikuwa akiinamia moto ule kutwa mara mbili, jikoni pasipo dirisha, na akimaliza alifua nguo za mumewe kwa mikono.

"Maganda," alisema Melkiori.

"Basi yeye anavuta moshi wa risasi kuliko wewe."

"Mtibu yeye. Mimi niandike ni mzima. Tutaacha maganda leo hii."

"Siwezi kumtibu mtu anayelala na risasi. Ipo kwenye moto wake, ipo kwenye nguo zako, ipo kwenye nywele zako. Na wewe mwenyewe sijui ukoje, kwa kuwa umenificha."

"Ukiandika, tunapelekwa makazi."

"Najua."

"Nimekimbia nchi," Melkiori alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa unanikimbiza na mjini."

Bwana Afya aliketi juu ya kreti yake. Nilimwambia, kwa kuwa mtu wa tatu lazima aseme kitu, kwamba huenda Domitila akalazwa hospitalini na mumewe akabaki kazini. Akanijibu, "Nimelifikiri hilo. Atalazwa, atatoka, atarudi kufua nguo zile zile. Usidhani sijafikiri." Kisha akamwomba Melkiori amlete mkewe kesho yake, na akaandika kwamba Melkiori asikaribie tena risasi.

Siku iliyofuata alikwenda nyumba hadi nyumba kukusanya maganda. Wanawake waliyaficha. Mke wangu aliyasukuma chini ya kitanda, na Bwana Afya, mtu yule wa haya, alipiga magoti chumbani mwetu akayavuta moja moja akisema, "Samahani, mama. Samahani sana, mama." Wiki ile watu walikula ugali uliovia kwa kukosa moto, na kila aliyekula alimlaani.

Melkiori aliachishwa kazi. Lori la kuwapeleka makazi lilikuja mvua ikinyesha, na watu wote walikuwa wamepanda nyuma. Bwana Afya alifika na baiskeli, akaongea na dereva, Domitila akapewa nafasi mbele, pasipo na mtikisiko mkubwa. Melkiori aliona hayo yote. Alipanda nyuma, akavuta turubai juu ya kichwa, hakumshukuru wala kumuaga. Nami niliagana na rafiki yangu kwa mkono, kisha nikapita mbele ya Bwana Afya kama simwoni.

Baada ya hapo hakuna aliyemsalimu karakanani. Kwenye hoteli ya chai watu walihama meza akikaa. Alizoea kunywa chai yake akiutazama ukuta. Lakini siku za kupima hakukosa. Aliendelea kuja, kutoa shuka, kutoa chupa, kusema "niletee wa kwako," ila sasa hata hayo aliyasema kwa shida.

Nami niliwekwa mahali pa Melkiori. Nilipasua betri, nikalisha moto, na nikamimina pia, kwa kuwa hawakuongeza mtu. Tumbo likaanza kunisokota. Usinijie na swali la kwa nini sikuacha. Nilikuwa na watoto watatu, na shamba letu la zamani lilikuwa mbali, limeota msitu.

Aliponipima mara ya mwisho tulikuwa wawili tu chumbani. Nilimwambia kabla hajawasha taa, "Bwana Afya, mimi sina pa kwenda." Akaiwasha. Aliinua chupa akiwa amenipa mgongo, akakaa hivyo kwa kitambo, akaizima taa.

"Uko sawa, ndugu," alisema. "Rudi kazini."

Nilitoka nikiwa na furaha kama mtu aliyefunguliwa. Muda mfupi baadaye tukasikia amehamishiwa Kibondo. Meneja alikuwa amelalamika kwa wakubwa kwamba anavuruga uzalishaji. Hakuletwa mwingine. Taa ya zambarau ilifungiwa kabatini, na chumba kikawa stoo ya magodoro.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya sabini. Nilikuwa nimekwenda Kibondo na mzigo wa sufuria za karakana, siku ya soko, nikamkuta buchani akikagua nyama. Koti lilikuwa lile lile. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, na aliponitambua alisimama na muhuri wake wa wino mkononi bila kujua auweke wapi. Nadhani alingoja nimpite. Nilimwamkia. Akanichukua hotelini kunywa chai.

Alinipa habari za Melkiori kabla sijauliza. Alikuwa akienda makazi kila mara kukagua vyoo na visima. Mimba ile ya Domitila iliharibika, alisema, hawakuwahi kuiokoa. Lakini walikaa, walilima muhogo na maharage, na baadaye akazaa msichana. "Anakimbia huyo, humshiki. Na Melkiori juzi kanifungia maharage kwenye gazeti. Hakusema kitu, kanipa tu." Alitabasamu, na mara tabasamu likaondoka. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Nyoosha mikono yote miwili," aliniambia.

Niliinyoosha juu ya meza. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulifika hadi kwenye kifundo, kiganja kikaanguka chini kama kitambaa. Nilikuwa nimeshazoea. Nilimweleza kwamba ulianza taratibu, kwamba namimina kwa mkono wa kushoto sasa, kwamba mke wangu hunifunga vifungo vya shati.

Alikishika kiganja changu, akakiinua, akakiachia. Kilianguka tena. Watu wa meza ya pili waligeuka kututazama.

"Uliwaka," alisema.

Sikuelewa.

"Siku ile uliposema huna pa kwenda. Uliwaka karibu sawa na yule mama. Sikukuonyesha chupa. Nilikuwa nimemwandika Melkiori, na nilishindwa kuandika mtu mwingine. Nilikuonea huruma, ndugu yangu. Kazi yangu yote nimedanganya mara moja, na nimekudanganya wewe."

Nilijaribu kumkasirikia, hasira ikawa haijui ishike wapi. Mwishowe nilimwambia kweli iliyokuwa moyoni, kwamba kama angeniandika siku ile, ningemchukia mpaka kufa, kama tulivyomchukia kwa ajili ya Melkiori.

"Bora ungenichukia ukiwa na mkono mzima," alisema.

Chai ikapoa. Alisimama, akachukua mzigo wangu wa sufuria akauweka begani mwake, akaniambia twende hospitali. Daktari alipomaliza kunipima alisema nisikaribie tena risasi, na kwamba mkono huenda ukarudi kidogo kwa miaka. Umerudi kidogo. Nashika kijiko, sishiki jembe.

Niliporudi Kasulu meneja alinipa kazi ya kulinda lango. Tanuri liliendelea, chini ya paa lile lile lisilo na bomba, na wamiminaji wapya walipita mbele yangu asubuhi wakiwa wasafi na kutoka jioni wakiwa weusi. Niliwaonyesha mkono wangu. Niliwaeleza kwamba yuko mtu Kibondo, Bwana Afya, ambaye atapeleka mkojo wao kwa mkemia na kuwaambia kweli sasa, hata ikiwauma. Wengi waliniambia wana familia. Nami niliwajua, sikubishana nao.

Mmoja tu alisimama, akaniuliza kama Kibondo ni mbali. Nikamwambia si karibu, lakini lori la muhogo huondoka Jumatatu, na kwamba asinywe maji mengi kabla ya kwenda.